Mzabibu wa Papa Mugreki

Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Kosa hilo lilinifundisha mengi juu ya nchi ambayo sijaikanyaga bado, nchi ya Ugiriki, na juu ya divai yake.

Mimi ni katekista. Nilisoma seminari ndogo, kisha miaka 2 ya filozofia, halafu nikatambua ya kuwa njia yangu ni nyingine. Nikarudi nyumbani, nikaoa, nikapewa kazi ya kufundisha. Kwa muda wa miaka 10 niliwafundisha wakatekumeni sura ya 15 ya Injili ya Yoane, pale Bwana Yezu anapojifananisha na mzabibu. Nilikuwa nikiuchora mzabibu ubaoni. Niliuchora umesimama wima kama mwembe mdogo, wenye matunda kama ya mpera. Watoto walinakili. Hakuna aliyenikosoa, maana hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameuona mzabibu. Divai niliifahamu kwa chupa ya sakristia tu. Kwangu divai ilikuwa divai, kama vile chumvi ni chumvi. Sikujua ya kuwa nayo ina makabila.

Katika mtaa wetu, huku Katanga, anakaa mzee mmoja ambaye watu wote humwita Papa Mugreki. Wagiriki si wageni kwetu. Walifika tangu zamani za Wabelgiji, wakafungua maduka. Wazee wa Kasenga wanawakumbuka kwa biashara ya samaki wa Luapula. Wengi wao ni Waortodoksi, nao wana kanisa lao Lubumbashi. Lakini Papa Mugreki wetu husali katika parokia yetu, benchi la 3 upande wa kushoto, rozari mkononi. Mara nyingi watu wameniuliza: Je, Mgiriki anaweza kuwa Mkatoliki? Anaweza. Mwaka wa 1204 wanajeshi wa Msalaba, badala ya kwenda Nchi Takatifu, waliuteka mji wa Konstantinopoli (jambo la aibu, lakini ndivyo lilivyokuwa), na baada yake jamaa za mabwana wa Venezia wakatawala visiwa vingi vya bahari ya Egeo. Wakaacha Wakatoliki katika visiwa vya Syros, Tinos, Naxos na Santorini, nao wapo hata leo. Jina lenyewe la Santorini lilitoka vinywani mwa mabaharia wa Italia: maana yake ni Mtakatifu Irene. Wagiriki wenyewe hukiita kisiwa hicho Thira.

Huko Santorini ndiko alikozaliwa Papa Mugreki, mwaka wa 1948. Tarehe 9 mwezi wa 7, mwaka 1956, alfajiri, nchi ilitetemeka kwa nguvu. Nyumba nyingi zilianguka, watu kama 50 wakafa, na wengi waliosalia wakakiacha kisiwa. Yeye, mtoto wa miaka 8, akapelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na duka huku Kongo. Alikulia hapa, akaoa hapa. Maduka ya wageni yalipochukuliwa mwisho wa mwaka 1973, alikwenda kwao miaka michache, kisha akarudi, maana mke wake ni wa huku na hakuipenda baridi ya Ulaya. Katika sanduku lake alileta vijiti 3 vya mzabibu vilivyofungwa katika kitambaa kibichi. Alikuwa amevikata katika shamba la baba yake. Viwili vilikufa. Kimoja kiliota nyuma ya nyumba yake, karibu na kisima.

Mambo hayo yote niliyajua baadaye. Nilijua duka lake. Ua wake sikuwahi kuuingia.

Mwaka wa 2022, mwezi wa 7, Papa Mugreki alikwenda Atene kutibiwa macho, na mke wake akamsindikiza. Akaniachia ufunguo. Aliniambia: «Mwalimu, unitazamie kuku, umwagilie mboga. Mzabibu usiumwagilie.» Neno hilo la mwisho lilitosha kunionya ya kuwa mti huo una desturi zake. Sikulisikia.

Nilipouona nilisikitika. Ulikuwa umelala chini, umejikunja kama kiota cha kuku, kama kikapu kilichotupwa na watoto. Hakuna hata tawi moja lililopanda juu. Nikawaza: maskini Papa, macho yamekwisha, ameuacha mzabibu wake uanguke. Nikawaita vijana 2 wa katekismu. Tukaleta miti ya mikaratusi na waya, tukajenga jukwaa zuri, tukaanza kuunyosha mzabibu. Ulikuwa mgumu. Tulivuta. Mara 2 au 3 nilisikia mti ukilia «kwa!», lakini nikasema ni ukavu tu. Tukaufunga juu kwa vipande vya mpira. Jioni ile niliwaambia vijana: Tazameni, tumeuinua mzabibu. Nilikuwa na furaha kamili.

Papa Mugreki aliporudi mwezi wa 9, alisimama mbele ya jukwaa muda mrefu. Aligusa mahali mti ulipopasuka, moja moja, kwa kidole. Kisha akaniuliza neno moja tu: «Mwalimu, nani alikuambia ya kuwa ulikuwa umeanguka?»

Siku 8 hakunisemesha. Dominika alinipita mlangoni mwa kanisa. Siku ya 9 alimtuma mtoto kuniita, akanipa kiti, akaanza kunieleza. Nami nawaelezea ninyi nilivyopokea kwake, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Ninyi wa Goma, mnaoujua mlima Nyiragongo, mtafahamu upesi. Santorini ni mabaki ya mlima wa moto. Yapata miaka 3,600 iliyopita mlima ule ulipasuka vibaya sana, katikati ya kisiwa pakazama baharini, ukabaki ukingo tu wenye umbo la mwezi mchanga. Udongo wake ni majivu, mawe meusi, na mawe mepesi yanayoelea majini. Mto hakuna. Mvua hunyesha kidogo wakati wa baridi, halafu miezi mingi haionekani. Wakati wa joto upepo mkali wa kaskazini huvuma siku baada ya siku. Mzabibu ukisimama wima pale, upepo hung’oa machipukizi, mchanga hupiga maua, na jua huzichoma zabibu.

Basi wakulima wa kule waliulaza. Kila mwaka, wakati wa baridi, mkulima hupiga magoti, huchagua matawi ya kubaki, huyakunja polepole na kuyasuka yawe mduara juu ya ardhi. Mwaka unaofuata huongeza mduara mwingine juu ya ule wa kwanza. Baada ya miaka mingi mzabibu unakuwa kikapu cha mti hai. Vichala huning’inia ndani ya kikapu. Majani yanakuwa paa juu yao. Upepo hupita juu. Usiku ukungu hutoka baharini, na yale mawe mepesi hunyonya unyevu wake na kuutunza kwa ajili ya mizizi. Kwa Kigiriki mtindo huo huitwa kouloura, jina linalofanana na lile la mkate wa duara. Kumbe kitu nilichodhani kimeanguka kilikuwa kimesukwa, tena kwa miaka zaidi ya 40, na mtu mmoja, kwa magoti yake.

«Na kikapu kikizeeka?» nikauliza. Kikizeeka, baada ya miaka 70 au 80, mkulima hukikata chote karibu na ardhi. Shina la zamani hutoa chipukizi jipya, naye huanza kusuka tena. Kwa hiyo mizizi ni mizee kuliko kikapu, na pengine mizee kuliko babu wa mkulima.

Hapa yapo mambo mengine ya ajabu. Katika miaka ya 1860 kidudu kidogo kutoka Amerika, jina lake filoksera, kiliingia Ulaya na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Kiliangamiza mashamba ya Ufaransa, kikaendelea nchi baada ya nchi, na mwishoni mwa karne ya 19 kikaingia pia kaskazini mwa Ugiriki. Dawa haikupatikana, isipokuwa kupandikiza: walikata mzabibu wa Ulaya na kuupachika juu ya shina la mzabibu wa Amerika, ambalo kidudu hakiliwezi. (Mtakatifu Paulo aliandika juu ya kupandikiza mizeituni katika barua kwa Waroma, kazi hiyo ni ya zamani.) Leo mizabibu mingi ya Ulaya ina miguu ya kigeni. Lakini katika majivu ya Santorini filoksera haiishi. Mizabibu ya kule imesimama, au tuseme imelala, juu ya mizizi yake yenyewe.

Siku hiyo Papa Mugreki alifungua chupa aliyoileta kutoka safari, akanipa kidogo katika gilasi ya chai. Mimi nilitaka kumwonyesha ya kuwa nilisoma, nikasema lile neno la seminari: oinos. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aliporudi. Akasema: siku hizi mtu wa kawaida husema krasi. Neno hilo latoka katika neno la zamani lenye maana ya kuchanganya, kwa sababu watu wa kale walichanganya divai na maji kabla ya kunywa. Aliyekunywa divai tupu alihesabiwa kama mshenzi. Nikakumbuka tone la maji ambalo padri hulitia katika kalisi wakati wa Misa. Mara ngapi nimebeba kichupa kile!

Divai yenyewe ilikuwa nyeupe. Kwanza nilidhani ni maji ya ndimu yaliyopita juu ya jiwe, na nyuma yake chumvi kidogo. Zabibu hiyo huitwa Assyrtiko. Mahali penye joto, zabibu nyingi hupata sukari na kupoteza ukali wake, na divai yake inakuwa nzito, ya kuchosha. Assyrtiko huhifadhi ukali wake hata katika jua lile, na kwa sababu hiyo watu wanaistaajabia. Wenzake kisiwani ni Athiri na Aidani, wapole zaidi. Zabibu hizo zikianikwa juani muda wa siku 12 au 14 hivi, kisha zikakamuliwa na divai ikatunzwa katika mapipa miaka 2 au zaidi, inatokea divai tamu yenye rangi ya asali iliyoiva, iitwayo Vinsanto. Zamani merikebu ziliipeleka hata Urusi kwa ibada za makanisa ya kule. Iko pia Nykteri, jina linalotokana na usiku, maana zamani walikamua zabibu usiku ili kukwepa joto.

Baada ya hapo nilimkaribisha katika chumba cha katekismu, maana nilitaka anionyeshe kisiwa chake. Ukutani ninayo ramani ya safari za Mtakatifu Paulo, imechakaa, imeunganishwa kwa gundi. Kwa miaka mingi nimewaonyesha watoto Filipi, Tesalonike, Beroya, Atene, Korinto. Papa Mugreki alisogeza uso karibu, akaanza kuweka kidole, na ramani ikawa nyingine mbele ya macho yangu.

«Hapa, Beroya.» Mji huo upo hata leo, unaitwa Veria, na karibu yake, kwenye miteremko ya mlima Vermio, kuna mji wa Naoussa. Zabibu ya pale ni Xinomavro. Jina hili ni maneno 2: chachu na nyeusi. Ni zabibu ngumu. Ina ukali, tena inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Rangi yake ni hafifu kuliko jina lake. Wenye kuijua husema ina harufu ya nyanya iliyokauka. Mwenye haraka asiinywe. Yataka miaka katika pipa na katika chupa, ndipo inatulia. Filoksera na vita vya karne ya 20 vilikuwa karibu kuimaliza Naoussa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Yiannis Boutaris, wa ukoo ulioanza kazi ya divai mwaka wa 1879, alipanda Xinomavro upya katika miteremko ile, wakati ambapo wengi waliona afadhali kupanda miti ya matunda. Baadaye alikuwa meya wa Thessaloniki, kuanzia 2011 mpaka 2019. Alifariki mwaka 2024. Papa Mugreki humsifu kwa mizabibu, umeya hautaji.

«Hapa, Korinto.» Kusini-magharibi mwa mji ule, ambao Paulo aliwaandikia watu wake kwa machozi, kuna bonde la Nemea. Katika hadithi za kale za Wagiriki ndipo shujaa Herakle alipomwua simba. Zabibu ya Nemea ni Agiorgitiko, yaani ya Mtakatifu Georgi, kwa sababu mji wa bonde hilo uliitwa hivyo zamani. Ni nyekundu, nene, laini kinywani. Ukiipanda chini bondeni inakupa divai ya namna moja, ukiipanda juu mlimani inakupa nyingine. Ukizidi kwenda ndani, unafika uwanda wa Mantinia, wenye kimo cha mita 600 na zaidi. Hapo kuna baridi, na zabibu iitwayo Moschofilero huchelewa kuiva. Ngozi yake ni nyekundu-nyekundu, lakini divai yake ni nyeupe na inanukia maua.

«Hapa, Patras.» Kwenye ramani yangu mji huo haumo, maana Paulo hakufika. Ni mji wa Mtakatifu Andrea. Mapokeo yanasema aliuawa pale msalabani. Mwaka wa 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa 6 alirudisha Patras kichwa cha Mtume, ambacho kilikuwa kimetunzwa Roma muda wa karne 5, akawapa ndugu zetu Waortodoksi. Divai ya Patras ni Mavrodaphne, tamu, nyeusi. Mjerumani mmoja kutoka Bavaria, Gustav Clauss, aliyeanzisha nyumba yake ya divai pale mwaka wa 1861, ndiye aliyeitangaza. Wanasimulia ya kuwa aliipa jina la msichana mwenye macho meusi. Papa Mugreki hasadiki, anasema Wagiriki hutunga hadithi kwa kila chupa. Waortodoksi wengi huitumia katika ibada yao. Nilipoionja niliipenda kuliko zote. Mzee alicheka akasema ulimi wangu ni wa mtoto. Yawezekana, lakini bado naipenda.

Atene alipita upesi. Zabibu ya mkoa ule, Attiki, ni Savatiano, yenye kuvumilia ukame, na kutoka kwake hutengenezwa retsina, divai inayotiwa utomvu wa msonobari wakati wa kuchachuka. Watu wa kale walipaka utomvu katika mitungi ili hewa isiingie, wakaizoea ladha yake. Katika karne ya 20 retsina ya bei rahisi iliuzwa sana kwa watalii, hata watu wa Ulaya wakadhani divai yote ya Ugiriki inanuka msonobari. Sasa wako watengenezaji wanaoifanya kwa uangalifu, na sifa yake inarudi. Mimi sijaionja. Nilimwuliza kama ingefaa kwa Misa. Akaniangalia kama mwanafunzi asiyesoma. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya asili, iliyotoka katika tunda la mzabibu, isiyoharibika. Mambo ya msonobari yabaki mezani.

Nikauliza zabibu hizo zote ni ngapi. Zabibu za asili katika Ugiriki zinapita aina 200, na nyingi hazijulikani nje ya bonde lake au kisiwa chake. Mwaka wa 1971 serikali ya kule ilianza kuandika kwa sheria majina ya mahali, kama Santorini, Naoussa, Nemea na Mantinia, na kwa kila mahali zabibu zinazoruhusiwa. Mtu akipanda zabibu ya Kifaransa Naoussa, anaweza kufanya divai nzuri, lakini hawezi kuiita Naoussa.

Lakini sheria haiwezi kuokoa kitu ambacho kimekwisha kusahauliwa. Sikilizeni habari ya Malagousia. Ni zabibu nyeupe ya magharibi mwa Ugiriki, upande wa Nafpaktos. Katika miaka ya 1970 ilibaki kidogo sana. Wakulima walikuwa wameiacha kwa ajili ya nyingine zenye mazao mengi. Profesa Vassilis Logothetis, aliyekusanya mizabibu ya asili ili kuichunguza, aliiweka katika mkusanyo wake. Na kijana mmoja mtaalamu wa divai, Evangelos Gerovassiliou, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba kubwa la Porto Carras, aliijaribu, akaona inanukia namna isiyo ya kawaida. Baadaye akaipanda kwao Epanomi, karibu na Thessaloniki. Leo imepandwa sehemu nyingi za Ugiriki. Santorini vilevile kulikuwa na zabibu nyekundu, Mavrotragano, iliyobaki mashina machache tu kati ya mizabibu nyeupe, hata Paris Sigalas, mtu aliyesomea hesabu kabla ya kufanya divai, na wenzake wachache wakaanza kuitenga na kuizidisha.

Ninapofikiri habari hizo nashangaa jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba. Zabibu iliyoliwa na watu kwa karne nyingi inabaki katika safu chache za mizabibu, na wokovu wake unategemea kwamba mtu mmoja anapita pale na anajua anachokitazama. Kama angepita mtu kama mimi, pamoja na vijana wake na waya wake, je?

Nilisema neno hilo kwa sauti. Papa Mugreki alinyamaza, kisha akatoa simu. Mjukuu wake wa Atene alikuwa amemtumia picha. Niliona bwawa la kuogelea, rangi ya buluu, viti vyeupe, na nyuma yake bahari. Akasema: «Hili ni shamba la baba yangu.» Watalii wanaokwenda Santorini ni wengi mno, na ardhi ina bei kubwa, shamba la mizabibu ya kulala chini halivunwi kwa mashine, halitoi mazao mengi, na vijana hawataki kupiga magoti mwezi wa 1 katika upepo. Mashamba yamepungua mwaka kwa mwaka. Wakulima waliobaki wanapigana, na bei ya zabibu imepanda sana, lakini hoteli halingoji miaka 10 ili kuleta faida. Ndugu zake waliliuza shamba wakati yeye yuko huku. Mizabibu iling’olewa. Vile vijiti 3 alikuwa amevikata kabla.

Wasomaji wapenzi, mmefahamu. Assyrtiko ipo nyingi, haikuwa hatarini. Lakini katika mashina yote ya baba yake, lililobaki ni lile moja nyuma ya nyumba, karibu na kisima, ambalo mimi nililipasua kwa mapendo.

Nilimwomba radhi. Hakusema kitu juu ya radhi. Alisema tutangoja msimu wa baridi.

Mwezi wa 7 mwaka 2023 tulibomoa jukwaa. Papa Mugreki, ambaye macho yake sasa yanaona vizuri lakini magoti yamechoka, alikaa kitini, nami nikapiga magoti. Alinipa msumeno mdogo. Akanionyesha mahali pa kukata, vidole 4 juu ya udongo. Mkono wangu ulitetemeka. Kukata mti wa mtu namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuunyosha. Ulipokatwa ulibaki kisiki kama ngumi ya mzee, na mimi nilikwenda nyumbani bila kula.

Mwezi wa 8 ulipita, kisiki ni kikavu. Kila baada ya Misa ya asubuhi nilizunguka nyumba kutazama. Mke wangu alisema nitakichosha kwa macho. Katikati ya mwezi wa 9, kabla mvua hazijaanza, palitokea upande wa mashariki kitu cha rangi ya waridi, kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikimbia kumwita mzee. Alikuja na fimbo yake, akainama, akatazama, akasema: «Ndiyo.» Kisha akarudi dukani, maana palikuwa na wateja.

Mwaka huo nilifuta mchoro wangu wa zamani. Nilipofika sura ya 15 ya Yoane, niliwapeleka wakatekumeni wenyewe katika ua ule, wakakizunguka kisiki na machipukizi yake. Walitaka kujua kwa nini mkulima hukata hata tawi zuri. Papa Mugreki aliwajibu badala yangu, tena kwa maneno machache. Wazee wa parokia walikuja pia, wakanikumbusha, kama kawaida yao, shauri la Paulo kwa Timoteo juu ya tumbo. Wakasikitika kusikia ya kuwa mzabibu ule, hata kabla haujavunjika, haukutoa divai hata chupa moja. Katanga si Santorini. Huwa unatoa vichala vichache, na ndege huvila vingi.

Msimu wa baridi uliopita matawi yalikuwa marefu ya kutosha. Papa Mugreki alikaa katika kiti chake, nami nikapiga magoti katika majivu ya jiko ambayo tuliyamwaga kuzunguka shina. Nilichagua tawi, nikalikunja polepole kama alivyonifundisha, nikisikiliza kama litalia. Halikulia. Nikalipitisha chini ya jingine, nikalizungusha, nikafunga kwa ugomba. Jua lilikuwa limekwisha panda nilipomaliza mduara wa kwanza. Nikamtazama mzee.

«Unalegea, Mwalimu,» alisema. «Ufungue. Usuke tena.»